Mashine Hupima Kufanana, Wizi Tuupime Wenyewe

Katika vyuo vya Pwani ninavyovifahamu, mwanafunzi anayekaribia kumaliza haulizwi kwanza ameandika nini. Huulizwa amepata asilimia ngapi. Zamani kidogo asilimia hiyo ilikuwa moja tu, ya maandishi yake kufanana na ya wengine. Sasa imeongezwa ya pili, inayodai kuonyesha ni kiasi gani cha kazi kimeandikwa na akili unde (AI), na mwanafunzi anatakiwa awe chini ya kiwango katika zote mbili ndipo tasnifu yake ipokewe. Wazazi wengi hapa Mombasa, na wahadhiri wenzangu si haba, wamelipokea jambo hili kama habari njema: hatimaye vyuo vimekaza kamba. Mimi naona kamba imelegezwa. Kuamua kama mtu ameiba au hakuiba ni kazi ya mwalimu, nasi tumeikabidhi namba isiyoweza kuifanya. Wanaoumia kwanza ni wale walioandika wenyewe, kwa Kiingereza cha kujifunza darasani, na wasio na pesa za kumlipa mtu awasafishie ripoti.

Tuanze na chombo chenyewe, maana kutokielewa ndiko kunakozaa mengine yote. Programu inayotumika zaidi, Turnitin, ilianzishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2019 ikanunuliwa kwa takriban dola bilioni 1.75. Inachofanya ni kuyakata maandishi ya mwanafunzi vipande vya maneno yanayofuatana, kisha kuvilinganisha na vilivyomo katika hifadhidata yake: kurasa za intaneti, majarida ya kitaaluma, na kazi za wanafunzi zilizowahi kupitishwa humo. Palipofanana hupakwa rangi, na jumla hugeuzwa asilimia. Buluu maana yake hakuna kilichofanana. Kijani hufika asilimia 24, manjano 49, rangi ya chungwa 74, na kuanzia 75 ni nyekundu. Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali mashine inapojua kama mwandishi alikusudia kuficha alikotoa maneno, au kama maneno yenyewe ni ya aina ambayo kila mtu huyaandika vilevile. Kampuni yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba haigundui wizi: inaonyesha ulinganifu, na hukumu ni ya anayesoma. Sisi ndio tulioichukua namba ya ulinganifu tukaipa jina la wizi, tukaiwekea kiwango, tukaiandika katika kanuni.

Niliona matokeo yake kwa mwanafunzi niliyemsimamia, aliyekuwa akiandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushairi wa Mombasa wa karne ya 19. Ripoti yake ilirudi na asilimia 31 ilhali kiwango cha chuo kilikuwa 20. Nilipoifungua nikakuta sehemu kubwa iliyopakwa rangi ni beti za Muyaka bin Haji, kila ubeti umo ndani ya alama za mtajo na jina la mtunzi liko pale pale. Iliyobaki ilikuwa orodha ya marejeleo, na ukurasa wa ikirari ambao kila tasnifu chuoni huuandika kwa maneno yale yale. Uchambuzi wake mwenyewe, kurasa baada ya kurasa, ulikuwa safi. Programu ina mahali pa kuiambia iyaache yaliyonukuliwa na marejeleo, lakini ofisi iliyopitisha kazi hiyo haikufanya hivyo, wala hakuna aliyeifungua ripoti kuona kimefanana nini. Baada ya wiki moja mwanafunzi alirudi na asilimia 12. Alikuwa ameziondoa beti na kueleza kwa nathari zinasema nini. Nilimuuliza kwa nini. "Mwalimu, sikuwa na budi. Nikiziacha sitahitimu." Sura ya kuchambua ushairi ilikuwa imebaki bila shairi hata moja, na kwa mujibu wa kanuni hapo ndipo ilipokuwa imefaulu.

Hilo lingekuwa kosa dogo la ofisi kama halingetokea katika mji unaojua vizuri tofauti ya kukopa na kuiba. Washairi wetu wana takhmisa: unachukua mishororo ya mwenzio, unaiongezea mitatu yako, ubeti unatimia mitano, na kila msikilizaji anajua ipi ni ya nani. Mashairi ya Muyaka tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdalla, mwishoni mwa karne hiyo ya 19, aliyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor. Hakuyafanya yake. Na mtu aliyesoma kwa masheikhe wa Mji wa Kale anajua isnadi ni nini: unaposema neno unasema umelipokea kwa nani, naye alilipokea kwa nani, mpaka mwanzo wake. Kwa kipimo hicho elimu karibu yote ni maneno ya wengine, na aibu ya mwanachuoni ni kuficha alikoyatoa. Huu ndio wizi wa kitaaluma ninaotaka vyuo viuadhibu, na viuadhibu vikali. Lakini kuficha ni tendo la mtu mwenye nia, na haligunduliwi kwa kuhesabu maneno yaliyofanana. Aliyetaja na asiyetaja hupakwa rangi ile ile.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mwizi hodari hapakwi rangi yoyote. Anayechukua makala ya Kiingereza akaitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno hupita kwa asilimia ndogo sana, kwa sababu mfuatano wa maneno hayo haumo popote. Anayenunua kazi mpya kwa mtu hupita vilevile. Na Kenya inalijua soko hilo kuliko nchi nyingi: kwa miaka mingi vijana wetu wenye shahada, waliokosa ajira, wameishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao, hadi sheria ya mwaka 2022 ikaifanya biashara ya kuuza kazi hizo kuwa jinai huko England. Katika biashara hiyo mteja hupewa kazi pamoja na ripoti ya ulinganifu inayoonyesha ni safi. Yaani chombo tunachokitegemea kumkamata mdanganyifu ndicho kinachompa cheti. Nimekaa katika utetezi ambapo tasnifu ilikuwa na asilimia 4, na mwenyewe hakuweza kueleza jedwali lililo katika sura yake ya nne. Hakuna kanuni yoyote iliyotuambia la kufanya, maana asilimia ilikuwa nzuri.

Kisha kuna saiba, yaani maduka ya huduma za intaneti. Mjini, na katika makundi ya WhatsApp, kupitishiwa kazi kwenye Turnitin ni huduma inayouzwa sawa na kupiga chapa na kutoa kopi. Mwanafunzi anaogopa kuwasilisha gizani, kwa sababu chuo humpa nafasi moja au mbili tu, kwa hiyo analipa ajue namba yake mapema. Anayemuuzia hutumia akaunti ya chuo cha mbali. Ikiwa akaunti hiyo imewekwa kuhifadhi kila kinachopita, tasnifu inaingia kwenye hifadhidata kama kazi ya chuo hicho, na siku chuo cha mwanafunzi kinapoipitisha, inarudi nyekundu tupu. Imefanana na yenyewe. Nimewaona wanafunzi wakilia kwa hili, wasijue waanzie wapi kujieleza, kwa sababu kujieleza ni kukiri kwamba walikwenda saiba. Kiini cha mkasa huo ni kwamba chuo kimenunua chombo ambacho kingeweza kumfundisha mwanafunzi, kikakifungia ofisini kama siri ya mtihani.

Sasa tumeongeza asilimia ya pili, ya akili unde, nayo ni dhaifu kuliko ya kwanza. Ripoti ya ulinganifu, pamoja na kasoro zake, hukuonyesha kitu: hapa ni sentensi yako, pale ni ya fulani, fungua ulinganishe. Ripoti ya akili unde haina cha kulinganisha. Inakisia. Kwa maelezo mepesi, hutazama jinsi maneno yanavyotabirika: neno linalofuata likiwa lile ambalo mtu yeyote angelitegemea, na sentensi zikiwa na mwendo mmoja, hushuku mashine. Tafakari anayeandika hivyo ni nani katika darasa la Mombasa. Ni kijana aliyezaliwa katika Kigiriama au Kidigo, akakua katika Kiswahili, Kiingereza akakipata kwa mwalimu, kwa vitabu, na kwa mazoezi ya insha yaliyomfunza kufungua aya kwa maneno yale yale na kuifunga kwa maneno yale yale. Anaandika kwa tahadhari. Anachagua neno analolijua vizuri na kuliacha asilolimudu. Kila alichofundishwa ili asikosee ndicho kinachomfanya afanane na mashine.

Hili limepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vigunduzi 7. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo ziliambiwa zimeandikwa na akili unde, na insha 89 kati ya 91 zilishukiwa na angalau kigunduzi kimoja. Insha za wanafunzi wa Marekani wa darasa la nane zilipita karibu zote. Turnitin haikuwa miongoni mwa vile saba, na kampuni ilipozindua kigunduzi chake mwezi Aprili 2023 ilidai kwamba hukosea kwa chini ya asilimia 1 ya kazi. Tulikubali dai hilo kama lilivyo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani kililikubali kwa ajili ya hesabu: mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000, na asilimia 1 ya hizo ni 750. Agosti 2023 kikakizima kigunduzi. OpenAI, walioitengeneza ChatGPT yenyewe, walitoa kigunduzi chao Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Na Turnitin iliacha baadaye kuonyesha namba kamili pale matokeo yanapokuwa kati ya asilimia 1 na 19, kwa kuwa hapo ndipo hukosea zaidi. Kanuni inayomtaka mwanafunzi awe chini ya asilimia 10 inadai namba ambayo mwenye chombo anakataa kuitoa.

Wanaotetea mpango huu wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni wingi. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 katika kozi mbili, anayelipwa kwa kuchelewa, hawezi kusoma kila kazi kwa jicho la kachero. Chombo kinachomwonyesha pa kutazama ni msaada wa kweli, na mimi mwenyewe hukitumia. Ya pili ninaiheshimu zaidi. Mashine haijui mwanafunzi ni mtoto wa nani. Haimjui kwa kabila, kwa dini wala kwa mtaa, na katika nchi ambayo watu wengi wamewahi kuona alama ikibadilika kwa simu moja, namba isiyopokea simu ina thamani. Sitaki kulipuuza hilo. Lakini usawa huo ni wa asilimia ya kwanza tu, na hata hapo ni nusu, kwa kuwa mwenye pesa ana mtu wa kumshushia namba. Asilimia ya pili haina usawa hata kidogo. Haimjui mwanafunzi kwa jina lake, lakini inamtambua kwa Kiingereza chake, na Kiingereza cha mtu katika nchi hii kinasema mengi kuhusu alikosoma na alikozaliwa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, vyumbani mwa wahadhiri na hata redioni: aliyeandika mwenyewe ana hofu gani? Ana hofu ya haki kabisa. Chukua chuo chenye wahitimu 2,000 na kigunduzi kinachokosea kwa asilimia 1 tu. Hao ni wanafunzi 20 wasio na kosa, kila mwaka, wanaosimama mbele ya kamati wakitakiwa kuthibitisha kwamba hawakufanya jambo ambalo halina ushahidi wa kulipinga. Aliyeshtakiwa kwa kunakili anaweza kusema nionyesheni nilikonakili. Aliyeshtakiwa kwa kutumia akili unde ataomba aonyeshwe nini? Hapa sheria yetu iko mbele ya kanuni za vyuo vyetu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, ukiacha hali chache ilizozitaja, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito linalomhusu kwa uchakataji wa mashine pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inampa haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya uadilifu, na sababu kwa maandishi. "Asilimia yako ni 34" si sababu. Ni kipimo, na kipimo kinahitaji mtu wa kukisoma na kutia sahihi chini ya alichokisoma.

Idara za Kiswahili nazo zinastahili kutajwa peke yake. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa uliojaribu programu 15 za kulinganisha maandishi katika lugha 8: Kicheki, Kiingereza, Kijerumani, Kiitaliano, Kilatvia, Kislovaki, Kihispania na Kituruki. Kiswahili hakimo, ilhali Katiba yetu imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Kigunduzi cha Turnitin cha akili unde nacho kilianza kikiwa kimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Maandishi mengi ya Kiswahili ya kitaaluma yamo katika vitabu na tasnifu za karatasi, kwenye rafu, ambako hifadhidata haifiki. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kunakili sura nzima ya tasnifu ya mwaka 1985 na kupata buluu, huku mwenzake aliyenukuu utenzi maarufu kwa uaminifu akipata chungwa. Kumwekea mwanafunzi huyu kiwango cha 20 sawasawa na mwenzake wa uhandisi, ambaye fani yake karibu yote imo mtandaoni kwa Kiingereza, ni kupima kitambaa na maji kwa kijiti kimoja.

Sipendekezi tuitupe programu. Napendekeza iondoke mlangoni iingie darasani. Mwanafunzi aipate tangu rasimu ya kwanza, kwa akaunti ya chuo chake isiyohifadhi rasimu, aione ripoti yake mara nyingi atakavyo, akae na msimamizi wamalize pamoja: hapa umesahau kutaja, hapa umebadilisha maneno matatu ukaliacha wazo la mwenzio bila jina lake, hapa ni nukuu na iko sawa. Nimefanya hivi na wanafunzi wachache, na somo la kunukuu ambalo mihadhara yangu ilishindwa kulifikisha lilieleweka kwa saa moja. Asilimia iondolewe katika kanuni. Pawe na sharti kwamba ripoti isomwe na watu wawili, waandike walichokiona, na mwanafunzi apewe nakala kabla ya kuitwa popote. Asilimia ya akili unde isitumike kabisa kama msingi wa shtaka.

Na jaribio lenyewe la uandishi liwe kile ambacho walimu wetu wamekitumia muda wote: mketishe mwenye kazi, mwulize. Kwa nini umechagua mbinu hii? Jedwali hili umelipataje? Mwandishi huyu uliyemtaja ukurasa wa 40, unakubaliana naye wapi? Aliyenunua kazi, aliyetafsiri kwa siri na aliyeandikiwa na mashine wote hujulikana hapo kabla chai haijapoa, na aliyeandika mwenyewe kwa Kiingereza cha kujikongoja huinuka ametakasika. Najua jibu nitakalopewa: muda hakuna. Tuuhesabu. Dakika 15 kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wanafunzi 60 kwa idara, ni saa 15. Ni siku mbili za kazi kwa mwaka, zikigawanywa kwa wahadhiri wanne ni chini ya saa nne kila mmoja. Seneti za vyuo vyetu zinaweza kuzipanga saa hizo katika ratiba ya muhula ujao, na zinaweza kuanza na wale ambao tasnifu zao zimekwama sasa hivi kwa sababu ya namba.

Yule mwanafunzi wangu nilimwandikia barua kwa idara, nikaambatanisha ripoti ya asilimia 31 na maelezo ya kila mahali palipopakwa rangi, ukurasa kwa ukurasa. Ilichukua miezi miwili kujibiwa. Beti zimerudi katika sura ya tatu, zote, na jina la Muyaka chini yake.